Tuisheni ya Hisabati nyuma ya duka la chakula cha kuku, Majengo, Moshi: nimekaa vipindi 22

Mpaka jana nimeshamlipa mwalimu shilingi 76,000. Risiti sina hata moja, maana pale risiti hazitolewi (nitalirudia hili, linaniudhi), lakini namba hiyo siitilii shaka. Usajili ni 10,000, unalipa siku ya kwanza na hauulizwi tena. Kila kipindi ni 3,000. Nimehudhuria vipindi 22. Mara 22 kwa 3,000 ni 66,000, ongeza ile 10,000 ya mlangoni. Mwezi wa tatu ungeniambia hayo niliyoyasema yanaandikwa y = 3,000x + 10,000, ningekuomba unipe gunia la viazi nibebe mpaka Horombo, kambi ya mlimani, yaishe.

Mimi ni mgumu. Kwa wasioishi Moshi, mgumu ni yule anayebeba mizigo ya wageni Mlima Kilimanjaro. Nina miaka 34, tisa kati ya hiyo nimeimaliza mlimani. Kidato cha nne nilipata F ya Hisabati, tena F iliyoshiba, siyo ile ya kukosa alama mbili. Sasa nataka kuomba chuo, na fomu inataka Hisabati angalau D. D inaanzia alama 30. Nikajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, mtihani ni Novemba. Aprili na Mei mvua zinaponyesha wageni wanapungua, kazi inalala, nikaona kama si sasa basi tena.

Kabla ya hapa nilianza sehemu nyingine, mjini kati. Sitaitaja. Ukumbi safi, viti vya plastiki vipya, feni, mwalimu ana kompyuta na picha zinamulikwa ukutani. Hakuna usajili, unalipa 5,000 kila ukiingia. Kipindi cha kwanza ukuta mzima uliandikwa y = mx + c. m ni gradienti, c ni intasepti, kariri. Kipindi cha pili vilevile, ila rangi nyingine. Cha tatu nikanyoosha mkono nikauliza hiyo m inafanya kazi gani humo ndani. Akaniambia m ni m, mtihani haukuulizi inafanya kazi gani. Wadogo zangu wa kidato cha pili waliokaa mbele wakageuka kumtazama huyu mzee. Nikatoa 15,000 kwa siku tatu, nikatoka mikono mitupu.

Hapa Majengo nililetwa na dada mmoja wa saluni ninayenyoa kwake, naye anarudia mtihani. Ukitoka barabara ya lami unaingia kichochoro, unapita duka la chakula cha kuku, unazunguka nyuma. Chumba kimoja, bati bila dari, mabenchi sita, ubao wa mbao uliopasuka katikati toka juu hadi chini. Vumbi la dagaa na mashudu linakukaba koo wiki ya kwanza, baadaye pua inazoea. Vipindi ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 12 jioni mpaka saa 2 usiku. Tulikuwa 19 nilipoanza. Wengi watu wazima: dada wa saluni, mzee mmoja mlinzi wa usiku ambaye saa 2 kasoro robo anainuka kwenda lindo, vijana wawili wa bodaboda, mama anayeuza ndizi Mbuyuni, na watoto wachache wa sekondari ambao wazazi wao wameshindwa bei za mjini.

Mwalimu ni mstaafu. Haandiki kitu dakika kumi za mwanzo. Siku yangu ya kwanza alimgeukia dada wa saluni akasema, "Mwanangu, huyu kaka mgeni. Mwambie bei za hapa." Dada akataja kama nilivyotaja juu. Mwalimu akaniuliza, "Haya mgumu, ukija vipindi vitano utakuwa umelipa ngapi?" Nikahesabu kwa vidole: 15,000 na 10,000, ni 25,000. "Na vipindi kumi?" Kabla sijafungua mdomo kijana wa bodaboda akarukia, "Hamsini elfu, Mwalimu! Mara mbili ya tano."

Mwalimu hakusema amekosea. Alimwambia, "Sawa. Njoo hapa mbele unilipe." Akamsimamisha, akamwekea visoda juu ya meza, kila kisoda 1,000. Kijana akaweka kumi vya usajili, kisha vitatu vya kipindi cha kwanza, vitatu vya pili, hivyo hivyo mpaka cha kumi. Tukahesabu. Arobaini. Kijana akavitazama vile visoda kama vimemuibia. Mwalimu akamuuliza, "Zile elfu kumi nyingine ulitaka unipe za nini?" Kijana akakuna kichwa, akasema, "Kumbe nimejisajili mara mbili."

Hapo ndipo pana kila kitu, na ndiyo sababu naandika haya. Kwa mwalimu huyu kila mstari mnyoofu una mambo mawili tu, na lazima uyataje kwa mdomo kabla hujashika kalamu. Umeanzia wapi? Na kwa kila moja, inaongezeka ngapi? "Ulipoanzia" na "kwa kila." Ile 10,000 ni ulipoanzia. Ile 3,000 ni kwa kila. Ukizidisha vipindi mara mbili, upande wa kwa kila unazidi mara mbili, lakini ulipoanzia hapazidi, kwa sababu mlango umeingia mara moja. Wiki mbili nzima hatukusikia neno gradienti. Alipokuja kulileta, alilileta kama jina la ukoo la mtu tuliyekwisha kumzoea: m ni kwa kila, c ni ulipoanzia. Nilimuuliza yeye pia kwa nini waliichagua m. Akasema waliotafuta chanzo chake hawajapata jibu la uhakika, na yeye hatanitungia. Nikamheshimu kuanzia hapo.

Kipindi kilichofuata akageuza. Akasema, sahauni bei, sijui usajili sijui nini. Kuna mtu alikuja vipindi 4 akalipa 22,000 jumla, mwingine alikuja 9 akalipa 37,000. Tafuteni bei za hapa. Kimya. Mama wa Mbuyuni ndiye aliyetoka nayo, maana ndiyo kazi yake, kuna wateja humuuliza bei kwa kuzunguka. Akasema huyu wa pili kamzidi mwenzake vipindi 5, na kamzidi 15,000. Usajili wote wamelipa sawa, kwa hiyo tofauti yote ni ya vipindi. Kwa kila kipindi ni 3,000. Wa kwanza vipindi 4 ni 12,000, alilipa 22,000, kwa hiyo alianzia 10,000. Hajui kuandika y wala x huyu mama, siku ile alikuwa na wiki moja. Kwenye vitabu hiyo ndiyo kanuni ya gradienti ya nukta mbili, wanatoa y kwa y, x kwa x, wanagawanya, nami niliikariri sekondari miaka minne bila kujua kwamba ni habari ya watu wawili waliokuja sokoni siku tofauti.

Jumatano ya wiki ya tatu akanigeukia mimi. "Mgumu, njia ya Marangu mnalala wapi?" Nikamtajia: Mandara mita 2,720, Horombo mita 3,720, Kibo mita 4,720. Akaniita ubaoni nichore jedwali. Siku ya 1, ya 2, ya 3. "Kwa kila siku?" Nikaangalia. Elfu moja. Elfu moja tena. Miaka tisa napita mbele ya vile vibao, nimepiga picha wageni wakivikumbatia, sijawahi kuona kwamba kila kambi imeizidi mwenzake mita 1,000 kamili.

Tukaweka nukta tatu kwenye grafu. Rula ikazigusa zote. Akasema rudisha mstari nyuma mpaka siku ya sifuri, unakata mhimili wa wima wapi? 1,720. Kwa hiyo y = 1,000x + 1,720. Darasa likaandika. Mimi nikabaki nimesimama na chaki. Nikamwambia, "Shikamoo Mwalimu, lakini hapo hakuna lango. Lango la Marangu liko juu ya mita 1,800." Sijui kwa nini nilianza na shikamoo, nilikuwa nimeshamsalimia. Watu wakacheka. Yeye akauliza, "Sasa mstari umedanganya, au wewe ndiye umemuuliza swali lisilo lake?"

Tukabishana nusu saa. Mstari ulijengwa kwa kambi tatu, na kati ya kambi hizo uko sawasawa. Siku ya kwanza huanzi sifuri ya mstari, unaanza langoni, na mpaka Mandara hupandi mita 1,000 kamili, ni pungufu. Mbele nako ni hivyohivyo: ukiuuliza mstari siku ya 4 utakwambia 5,720, wakati Uhuru ni 5,895 na tena safari yenyewe inaanza usiku wa manane, siyo asubuhi baada ya chai. Kisha nikamkumbusha kwamba wageni wengi hulala Horombo siku mbili ili mwili uzoee. Akasema chora. Siku ya 2 mita 3,720, siku ya 3 mita 3,720. Mstari ukalala chali. "Kwa kila siku?" Sifuri. Basi slopu (ndiyo gradienti ileile) sifuri ni siku ya mapumziko Horombo, wagumu wanafua soksi. Hilo sitalisahau hata mtihani ukiwekwa usiku.

Ijumaa yake akabadilisha mhimili wa chini wa grafu, badala ya siku akaweka kilomita. Horombo hadi Kibo ni kama kilomita 10, unapanda mita 1,000, kwa hiyo mita 100 kwa kila kilomita. Kibo hadi Uhuru ni kama kilomita 6, unapanda 1,175. Gawanya, inatoka karibu mita 196 kwa kila kilomita. Karibu mara mbili. Wagumu wengi hatupandi kileleni, tunabaki Kibo na vyombo, lakini mimi mara mbili nilipanda kuwasaidia waongozaji, na mgongo wangu uliijua hiyo 196 kabla ya kichwa. Na hata hiyo ni wastani. Ukishafika Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, njia inalegea kidogo, maana yake kule chini yake ni kukali kuliko hesabu inavyosema. Mwalimu hakulijua hilo. Alinisikiliza, akaandika pembeni ya daftari lake. Mwalimu wa miaka yote hiyo anaandika maneno ya mgumu, jamani.

Mistari inayoshuka aliifundisha kwa chakula. Kikundi kinaondoka langoni na kilo 60 za chakula, kinakula kilo 10 kwa siku. y = 60 − 10x. Swali lake halikuwa "tafuta x pale y inapokuwa sifuri." Swali lilikuwa, "Mtalala njaa kuanzia siku gani?" Mzee mlinzi akajibu bila kalamu: siku ya 6 jioni masufuria meupe. Alama ya kutoa mbele ya 10 ilikuwa inanitisha toka utotoni. Kumbe inasema tu kwamba kwa kila siku unapoteza.

Kuna jioni moja ilikuwa ya dada wa saluni peke yake, na kama una LUKU nyumbani, umeme wa kulipia kabla, hii itakugusa. Alikuja amekasirika. Kwenye chumba chake mwanzo wa mwezi alinunua umeme wa 10,000 akapata karibu yuniti 70. Wiki ya tatu kanunua 10,000 ileile, kapata kama 27. Ameibiwa na nani? Mwalimu akamwambia alete karatasi zote mbili. Mara ya kwanza kwa mwezi inakatwa kodi ya jengo, 1,500. Hiyo ni ulipoanzia, unalipa hata kama hutawasha taa. Inabaki 8,500. Yeye yuko daraja la chini la majumbani, yuniti ni shilingi 100, juu yake VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1, jumla 122 kwa kila yuniti. 8,500 gawanya kwa 122, inatoka yuniti 69.7. Sawa na karatasi.

Mpaka hapo mstari umenyooka. Lakini bei hiyo ya chini ni ya yuniti 75 za kwanza za mwezi. Zikipita, yuniti ni 350, na makato yaleyale inakuwa 427. Manunuzi ya pili yakampa yuniti 5.3 kwa bei ya zamani, zilizobaki zote kwa bei mpya. Kwenye grafu tuliona kitu ambacho kule mjini kati nisingekiona mpaka kufa: mstari unakwenda umelala vizuri, unafika 75, unavunjika kama kiwiko na kupanda juu. Pande zote mbili ni mistari minyoofu, lakini kwa pamoja siyo mstari mmoja. Mwalimu akasema mtu akikupa nukta mbili, moja kabla ya kiwiko na moja baada, ukaziunganisha kwa rula, utapata "kwa kila" ambayo hakuna mtu yeyote anayeilipa. Dada aliondoka bado amekasirika, ila sasa alijua amekasirikia nini.

Sasa niwapeleke kwenye bei, maana huwa mnauliza, ni nafuu au siyo nafuu. Nilichora mwenyewe kwenye daftari la grafu, nyumbani, bila kutumwa. Kule mjini kati ni y = 5,000x, mstari unatoka sifuri na unapanda kwa nguvu. Hapa unaanzia juu, 10,000, lakini unapanda taratibu. Vipindi 4, kule 20,000, hapa 22,000, kule ni nafuu. Mistari inakutana kwenye kipindi cha 5, wote 25,000. Baada ya hapo hapa ni nafuu na pengo linaongezeka 2,000 kwa kila kipindi. Kwa vipindi vyangu 22, kule ningelipa 110,000. Nimeokoa 34,000.

Nilimwonyesha Mwalimu kwa majivuno. Akaniuliza, "Na makaratasi?"

Hapo ndipo lawama yangu ya kwanza. Kila kipindi anagawa karatasi ya maswali iliyotolewa kopi, na unailipia 200. Haisemwi mlangoni. Ni ndogo, lakini ni ya kila kipindi, kwa hiyo haikai kwenye ulipoanzia, inakwenda kwenye slopu. Bei ya kweli ya pale ni y = 3,200x + 10,000. Mistari haikutani tena kwenye 5. Kipindi cha 5 hapa ni 26,000 na kule 25,000. Cha 6 hapa ni 29,200 na kule 30,000. Kwa hiyo kama unapanga kwenda mara tano tu kujikumbusha, usiende Majengo. Kama ni sita na kuendelea, nenda. Na ile 76,000 niliyoanza nayo hapo juu, ongeza 4,400 za makaratasi. Wangeisema mlangoni tu, basi, hakuna mtu angelalamika kwa 200.

Ya pili ni risiti. Anaandika majina kwenye daftari la kaunta, anaweka alama ya vema, na wewe huna kitu mkononi. Mama wa Mbuyuni alidaiwa kipindi alichokwisha kulipa, wakabishana mbele ya watu, ikawa aibu kwa wote wawili. Mwisho Mwalimu alimwamini, lakini mtu aliyefundisha nukta na majira yake miaka yote hiyo anashindwaje kununua kitabu cha risiti?

Ya tatu ni nzito zaidi. Mtihani wetu, ile karatasi ya 041 (ndiyo namba ya Hisabati), unakuja kwa Kiingereza. Yeye anafundisha kwa Kiswahili, na ndiyo maana tunaelewa, sina ugomvi. Lakini maneno ya mtihani anayaleta dakika kumi na tano za mwisho wakati mzee mlinzi ameshaondoka na sisi wengine tunanusa ugali wa jirani. Swali nililijua kabisa: mstari unapita kwenye nukta (2, 3), gradienti yake 4, tafuta mlinganyo. Kwa njia yake sihitaji kanuni. Niko hatua ya 2, niko kimo cha 3, kila hatua nimepanda 4. Nirudi hatua mbili mpaka mwanzo, nashuka 8, 3 kutoa 8 ni −5. Nilianzia −5. y = 4x − 5. Nusu dakika. Siku alipolileta kwa Kiingereza, nililisoma mara tatu nikadhani wananiuliza kitu kingine. Nilimwambia hili uso kwa uso, siyo kwamba nasengenya humu. Akasema kuanzia Julai Ijumaa zote zitakuwa za maswali ya mtihani. Tutaona. Kwa mtoto wa kidato cha nne aliyebakiza miezi miwili, kwa kweli simshauri aende pale. Kwa aliyekuwa anaogopa kuanza, ndipo mahali pake.

Mengine madogo. Umeme ukikatika kipindi kinaendelea kwa tochi za simu. Choo ni cha duka, unaomba ufunguo. Wiki moja mwezi wa tano Mwalimu alikuwa na msiba Kibosho, hakuna aliyetutumia ujumbe, tukakuta kufuli, bahati hatukulipishwa. Ubao ule uliopasuka unasumbua kwenye grafu, mstari ukifika kwenye ufa unaruka, na kuna mtoto aliuchora daftarini na ule mruko wake, akidhani ni sehemu ya jibu.

Na jambo moja limenikaa. Tulipofika kuhamisha namba toka upande huu wa mlinganyo kwenda ule, watoto wa sekondari wote waliimba, "ng'ambo alama inabadilika!" Mwalimu akawaambia hakuna kitu kinachovuka ng'ambo, hapa si kivuko cha Kigamboni. Unatoa 10,000 upande huu, unatoa 10,000 upande ule, mizani ibaki sawa. Akasema neno aljebra lenyewe ni la Kiarabu, al-jabr, kutoka kwa al-Khwarizmi aliyefanya kazi Baghdad karne ya 9, na watu walilitumia pia kwa kuunga mfupa uliovunjika. Nimewahi kumshikilia mwenzangu mguu akiungwa, tulipomshusha toka juu mvua inanyesha. Upande mmoja ukivuta, mwingine lazima ushikiliwe kwa nguvu ileile. Tangu siku hiyo sijakosea kutoa pande zote mbili.

Mwezi huu wa sita wageni wanaanza kurudi, kwa hiyo nitakosa vipindi. Nimemuuliza nikipanda siku sita, nikirudi, anihesabie vipi. Amesema nalipa nilivyohudhuria tu, usajili hauanzi upya. Kule mjini kati nako ni hivyo, tuwatendee haki.

Ukienda, nunua daftari la grafu mjini kwanza, pale dukani hawauzi. Fika saa 12 kasoro, usikae benchi la mwisho kulia. Nimelipima kwa rula, limelala sentimita 4 kwa mita 2, na kalamu inabingirika kila mara upande uleule, kwa mama wa Mbuyuni, ambaye sasa ana zangu tatu.